Treni Inunuliwe Mwisho

Chini ya kitanda changu hapa Uthiru kuna kituo cha treni. Kina paa jekundu, tangi la maji, vibanda vitatu vya kuuza mahindi na viazi, na mama mmoja wa sentimita 2 aliyesimama hapo tangu Februari akingoja treni. Treni ilifika Agosti.

Kuchelewa huko hakukuwa bahati mbaya. Ni mimi nilipanga hivyo, na leo nataka kukushawishi ufanye vilevile. Kama unataka kujenga reli ya mezani nyumbani, ile ya treni ndogo zinazozunguka kati ya vilima na nyumba za karatasi, na huna pesa za kuchezea, basi treni yenyewe inunuliwe mwisho kabisa. Baada ya ubao, baada ya mlima, baada ya kituo. Najua inasikika kama kumwambia mtu ajenge gereji kabla hajanunua gari. Lakini mimi nilishaanza na treni mara moja, na haikuniendea vizuri.

Hii treni inapika?

Niliona tangazo mtandaoni: seti ya treni ya umeme, ya mitumba, reli za kuunganisha mviringo, injini moja, mabehewa matatu na kidhibiti chake. Shilingi 9,500. Kwenye simu nilikuwa na 3,500. Muuzaji akaniambia kuna mtu mwingine anaitaka, anakuja saa kumi. Huyo mtu mwingine si unamjua? Yuko kila mahali. Hata viatu vya Toi Market huwa ameshaviwekea jicho. Basi nikajaza 6,000 za overdrafti ya simu, nikalipa, nikapanda matatu na boksi kwenye mapaja kama mtu aliyetoka hospitali na mtoto mchanga.

Nilipofika nyumbani nikagundua kitu ambacho ningekijua kwa kutumia futi kamba tu. Reli za hiyo seti zilikuwa na nusu kipenyo cha inchi 18. Mara mbili ni inchi 36, yaani futi 3 kamili. Meza yetu ina upana wa futi 3. Maana yake treni ilikuwa inapita pembeni kabisa, nusu yake iko hewani. Ilizunguka mara moja na nusu, ikaanguka.

Hiyo ningeivumilia. Kilichouma ni yaliyofuata. Siku tatu baadaye mteja wangu akanitumia shilingi 2,000 za kazi niliyomfanyia. Meseji ya kwanza ikasema zimeingia. Ya pili ikasema zimekatwa. Wiki hiyohiyo gesi ikaisha. Mke wangu hakupiga kelele, na enyewe ningependa angepiga. Aliangalia boksi juu ya kabati, akauliza tu:

"Baba watoto, kwani hii treni inapika?"

Sina ubaya na overdrafti. Mtoto akiamka na homa saa sita usiku, itumie bila kuona haya, ndiyo kazi yake. Lakini lazima uelewe inavyofanya kazi: ada inahesabika kadiri siku zinavyosonga, na hela yoyote ikiingia inalipa deni kwanza kabla wewe hujaigusa. Kwa hivyo ukinunua kitu cha kujifurahisha kwa overdrafti, hujanunua kwa pesa ya kesho kama tunavyojidanganya. Umenunua kwa pesa ya gesi, ila hujui ni gesi ya siku gani.

Na kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Deni la namna hiyo linakuondolea raha ya kitu chenyewe. Ile treni nilikuwa nikiiona naona meseji ya kukatwa. Mwishowe niliiuza kwa 7,000 nikamaliza deni. Nilipoteza 2,500 na ada juu yake, kwa treni iliyozunguka mara moja na nusu.

Aliyeinunua, tukiwa bado kwenye kuuza, alinionyesha meseji kwenye simu yake kwamba ameshatuma. Nikamwambia ndugu yangu, subiri. Nikaangalia salio langu mwenyewe. Hakukuwa na kitu. Akasema ni mtandao. Tukakaa dakika kumi tukiongea habari za mpira, kisha pesa zikaingia kweli, kwa hivyo sikumhukumu. Lakini boksi lilikuwa chini ya kiti changu dakika zote hizo. Ukiuza kitu, meseji kwenye simu ya mwingine si malipo. Salio lako ndilo malipo.

Karatasi kwanza

Mara ya pili nilianza na gazeti la zamani. Nilitandaza kurasa sakafuni, nikazibandika pamoja mpaka zikafika futi 4 kwa futi 3, nikachora reli kwa makaa na uzi. Uzi umefungwa kwenye msumari katikati, makaa mwisho wake, unazungusha. Ukitumia uzi wa inchi 15, duara linakuwa na upana wa inchi 30, na kwenye ubao wa inchi 36 unabaki na inchi 3 kila upande. Treni haianguki. Hesabu hiyo ilinichukua jioni moja na hainikuti na deni la mtu.

Hapa lazima tuongee kidogo kuhusu vipimo, maana ndivyo vinavyokula pesa za wengi. Uwiano unaotumika sana duniani kwa treni hizi unaitwa HO, nao ni 1:87. Kwa mtu wa Uthiru hiyo namba haihitaji kukaririwa, ni jina la stage yetu pale Waiyaki Way. Kila kitu unakigawanya kwa 87. Mtu wa sentimita 174 anakuwa sentimita 2. Behewa la mita 20 linakuwa sentimita 23. Hiace ya matatu inakuwa sentimita 5 na kitu. Na ukitaka kuiga SGR yote kutoka Mombasa hadi Nairobi, bado ungehitaji zaidi ya kilomita 5 za reli ndogo, kwa hivyo achana na hiyo ndoto mapema. Chagua kituo kimoja.

Wengine watapenda N, ambayo ni 1:160 na reli yake ina upana wa milimita 9 tu. Inafaa sana kwa bedsitter. Mimi niliichunguza nikaona mkono wangu ni mzito mno kwa vitu vidogo hivyo, na pia huku kwetu vya mitumba vya HO ndivyo nilivyoviona zaidi.

Kuna wajuzi watakaokukosoa, wacha nikuandae. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87, unapata kama milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR. Lakini reli ya zamani, ile iliyoanza Mombasa 1896, ikafika hapa Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ina upana wa mita moja. Hiyo kwa 1:87 ingetaka milimita 11.5. Kwa hivyo kituo changu, ambacho nimekitengeneza kifanane na vile vya kuelekea Dagoretti na Kikuyu, kina reli pana kuliko inavyostahili. Ni kweli, ni kosa. Kurekebisha kosa hilo kungenilazimu kuagiza reli za kipekee kutoka nje kwa bei ambayo siwezi. Mama wa sentimita 2 hajalalamika.

Mlima ni takataka za jirani

Ukishakuwa na mchoro, unaanza kujenga, na hapa ndipo utagundua kwa nini nasema treni ingoje. Kazi yote tamu iko hapa, na karibu yote ni bure.

Ubao wa plaiwudi nilitoa kwa fundi wa fanicha kando ya barabara, kipande kilichobaki kwenye kazi yake nyingine. Yeye ndiye alinipigia na fremu ya mbao chini yake usipinde. Vumbi la msumeno alinipa mfuko mzima bila kudai kitu. "Boss, unaenda kufuga kuku?" aliniuliza. Nilipomwambia ni nyasi alinyamaza, akaniongezea mfuko wa pili. Vumbi hilo ukilichanganya na rangi ya maji ya kijani, ukalianika juani, unapata nyasi. Ukitaka nyasi za Januari, ongeza manjano.

Mlima ni zile foamu nyeupe zinazokuja na televisheni. Jirani akinunua TV, mpongeze, kisha omba foamu. Unazipanga, unazikata kwa kisu, unazifunika na vipande vya gazeti vilivyoloweshwa gundi nyeupe ya mbao na maji. Siku hizi kila nyumba inayojengwa inawekwa dari ya jipsam, na mafundi wake huwa na unga uliobaki kwenye mfuko. Ukiukoroga uwe kama uji mzito na kuupaka juu ya gazeti, unakauka kama mwamba. Fanya haraka, haukungoji.

Udongo wetu mwekundu wa Kabete usiununue popote, uko mlangoni. Uchekeche kwa kichujio cha chai kilichochoka, uukaange kwenye sufuria kuukuu ili wadudu na mbegu zife, halafu uumwage kando ya reli. Hakuna rangi ya duka itakayokupa wekundu huo. Kokoto za reli ni mchanga uliochekechwa. Lakini kabla hujaumwaga pitisha sumaku juu yake, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, maana mchanga huwa na chembe za chuma, na chembe hizo zikiingia kwenye mota ya treni umekwisha. Ukishaupanga, dondoshea gundi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na tone moja la sabuni ya vyombo ili ipenye. Bila sabuni gundi inakaa juu kama matone ya mvua kwenye gari jipya.

Miti ni sponji ya kuoshea vyombo, imechanwachanwa na kuchomekwa kwenye vijiti. Mashamba ya chai upande wa Limuru? Sponji tena, imekatwa mistari. Nyumba ni katoni za unga. Mabati ni karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa kwa rula.

Wale wanaosema uraibu huu ni wa wazungu wenye vyumba vya ziada nyumbani, mimi huwauliza kama hawakuwahi kutengeneza gari la waya utotoni. Waya za ua wa mtu, magurudumu ya malapa yaliyokatika, usukani mrefu wa kukimbia nao. Ulifuata mstari wa lori ulilolijua, ukaiga mpaka bampa. Ni kazi ileile. Tofauti ni kwamba sasa una simu yenye pesa ndani, na hapo ndipo hatari inaanzia, kwa sababu siku zile ukikosa waya ulitafuta waya. Leo ukikosa kitu unabonyeza.

Kuhusu treni: kwa miezi sita treni yangu ilikuwa kipande cha mbao cha sentimita 23, nimekichonga kwa kipimo cha behewa. Nilikisukuma kwa kidole ndani ya handaki kuona kama kinapita bila kugusa ukuta. Kiligusa mara mbili, nikakata foamu. Hata wajenzi wa reli yetu walifanya ya muda kwanza. Walipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba kwenye mteremko, kazi ikaendelea huko chini wakati njia ya kudumu ikijengwa. Kama wao hawakuona haya ya kamba, mimi nione haya ya kipande cha mbao?

Ukitaka kuona vitu vyenyewe kabla ya kuviiga, nenda Makumbusho ya Reli karibu na stesheni ya Nairobi. Yako hapo tangu 1971. Kuna injini namba 5918 iitwayo Mount Gelai, moja ya zile Garratt 34 zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1950. Ina uzito unaopita tani 250. Kuna pia behewa ambalo simba aliingia akamtoa ofisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Beba futi kamba na daftari. Nilipima milango, ngazi na madirisha mpaka watoto wa shule waliokuja ziara wakadhani nafanya kazi hapo.

Mfuko wenye kufuli

Sasa pesa. Wakati mikono iko kwenye gundi, mfuko wa treni unajaa polepole mahali pengine.

Nilifungua akiba ya kufunga kwenye simu tarehe 1 Februari, nikaiwekea tarehe ya kufunguka mwisho wa Julai, nikaiandikia jina TRENI. Shilingi 50 kila siku. Ukihesabu ni siku 181, yaani 9,050. Mimi nilifikisha 8,300, kwa sababu kulikuwa na siku 15 ambazo 50 hiyo ilikuwa na kazi ya maana zaidi. Sikujilaumu. Afadhali mfuko uliopungua kuliko ule uliojazwa kwa kukopa.

Kufuli ni muhimu, na sisemi hivi kwa sababu watu hawana nidhamu. Nasema hivi kwa sababu matangazo yana nidhamu kutushinda. Kila wiki mbili kulitokea injini "ya bei ya kutupa", na kila mara kulikuwa na yule mtu wa saa kumi. Kama hela zangu zingekuwa kwenye salio la kawaida ningezitoa Machi. Kwa vile zilikuwa zimefungwa, nililazimika kumjibu muuzaji, "Sina", na kila mara tangazo lilikaa wiki tatu zaidi bila mnunuzi.

Vifaa vidogo nilivilipa kutoka mfuko mwingine, na hapa nilikuwa na kosa ambalo taarifa ya miamala ilinionyesha. Mwezi wa kwanza nilituma pesa kwa fundi mara sita, vipande vya 100 na 150: leo msumari, kesho kipande cha mbao. Kila kipande na ada yake. Tukaelewana niwe nampa zote Jumamosi mara moja. Dukani nikawa nalipa kwa namba ya till, ambapo kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada, na malipo yanabaki kwenye taarifa na jina la duka. Mwisho wa mwezi unaona wazi: hadwea kiasi hiki, Luthuli Avenue kiasi hiki.

Huko Luthuli nilinunua kidhibiti kidogo cha mwendo wa mota, swichi ya kurudisha treni nyuma, waya, na vitaa vya kituo. Umeme wenyewe unatoka kwa adapta ya rauta iliyoharibika, ya volti 12 na ampea 1. Hiyo ni wati 12 kwa wingi wake, kwa hivyo tokeni za stima hazitalia. Muulize wa duka akuwekee na fyuzi ndogo, kwa sababu siku moja utadondosha bisibisi juu ya reli. Mimi nimeshaidondosha.

Taarifa ya miezi sita inasema hivi: plaiwudi na fremu 1,250, gundi 290, rangi 380, kidhibiti na swichi na waya 670, vitaa 150. Jumla 2,740. Hiyo ndiyo bei ya kila kitu kisicho treni. Nilimwonyesha mke wangu kwenye simu, mstari kwa mstari. Si kwa kuomba ruhusa. Ni kwa sababu mara ya kwanza alijua habari kwa kuishiwa gesi, na mtu hafai kujua uraibu wako kwa njia hiyo. (Kamusi inasema uraibu ni kitu unachopenda kufanya wakati wa mapumziko, na pia ni tabia isiyokuachilia. Aliyeuweka katika neno moja alikuwa na maana yake.)

Treni ya ng'ambo na tozo ya reli

Najua kuna anayesoma hapa ameshafungua tovuti ya nje na kuona injini ya bei rahisi. Tulia. Bei unayoiona si bei ya Uthiru. Ongeza usafirishaji. Kisha ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25. Kisha VAT ya asilimia 16, ambayo inapigwa juu ya bei ikiwa tayari imebeba ushuru. Kisha ada ya tamko la uagizaji. Na halafu, hii ndiyo hunifurahisha, kuna Tozo ya Maendeleo ya Reli, iliyoanzishwa 2013 kusaidia kulipia SGR. Ndiyo, ukiagiza treni ya kuchezea inaweza kuchangia treni ya kweli. Ni heshima, lakini ni heshima inayolipwa.

Sisemi usiagize kamwe. Nasema usiagize kama treni yako ya kwanza, kabla hujajua kama utaipenda kazi yenyewe. Kuna wanaochoka mwezi wa pili, na hakuna aibu. Aliyechoka akiwa na foamu na gundi amepoteza 700. Aliyechoka akiwa na injini ya Ujerumani iliyokwama kwenye ofisi ya mizigo hadithi yake ni tofauti.

Na ununuzi wa hapa nyumbani nao uwe wa macho. Niliwahi kutuma "deposit" ya 1,500 kwa muuzaji wa mtandaoni ili aniwekee reli. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka PIN halikufanana hata kidogo na jina la tangazo. Nililiona, nikajiambia labda ni laini ya mke wake, nikaweka PIN. Reli sijaziona mpaka leo. Lile jina linawekwa pale ili ulisome, na ukilisoma ukashangaa, usiendelee. Anayeuza kweli atakubali mkutane mahali penye watu na penye stima, uiunganishe, uione ikitembea, ndipo ulipe. Akisema hapana, basi yule mtu wa saa kumi aichukue.

Je, watoto?

Hoja moja dhidi yangu naikubali nusu. Kuna jirani aliniambia watoto hawawezi kungoja miezi sita, kwao reli bila treni ni ubao tu. Ni kweli kwa mtoto wa miaka minne. Huyo mnunulie ile ya betri ya plastiki ya mia chache, haihitaji reli ya chuma wala kidhibiti, na ikivunjika hamtalia nyote wawili. Lakini wangu, ambaye ana tisa, ndiye alipaka rangi vibanda. Ndiye aliamua kwamba mama wa sentimita 2 anaenda Limuru kwa dada yake. Kama treni ingekuwepo tangu siku ya kwanza angeiendesha jioni mbili na kurudi kwa katuni. Kwa kuwa haikuwepo, alijenga mahali pa kuifikisha.

Agosti nilikutana na muuzaji kwenye duka lake mjini, injini na mabehewa mawili na reli za inchi 15. Aliziunganisha juu ya kaunta, zikatembea. Nikalipa 7,800 kwa till, jina likafanana na lililo juu ya mlango. Kwenye mfuko zikabaki 500. Jioni hiyo ubao ulitolewa chini ya kitanda, mke wangu akasogeza viti mwenyewe, na treni ikapita handakini bila kugusa ukuta.

Ikasimama kituoni. Binti yangu akaitazama kwa muda, akasema treni hii inatoka wapi haijulikani, na ya kurudi iko wapi, kwa sababu huyu mama akienda Limuru lazima arudi. Nikamwambia kwa hilo tunahitaji njia ya pili ya kupishana, na swichi mbili za reli, na hizo ni pesa. Akauliza ni ngapi kwa siku. Tumeanza na 30.